Majina ya Makundi Katika Kurasa za Tovuti: Ya Mwandishi au ya Mtambo?

Katika sarufi ya Kiswahili ngeli ndiyo inayoamua upatanisho wa maneno: nomino ikishatajwa, hapana budi kivumishi na kitenzi kuifuata. Jambo linalofanana na hilo limo katika uandishi wa kurasa za tovuti. Sehemu ya ukurasa hupewa jina la kundi, na maagizo ya umbo na rangi yaliyomo katika laha ya mitindo hulifuata jina hilo. Tofauti ni kwamba sehemu moja ya ukurasa yaweza kuwamo katika makundi mengi kwa wakati mmoja.

Mpango wa laha hizo, uitwao CSS, ulipendekezwa na Håkon Wium Lie mwezi wa Oktoba, 1994, na kanuni zake za kwanza zilitolewa Desemba, 1996. Tangu mwanzo ulikusudiwa kumshirikisha mwandishi na msomaji katika kuamua sura ya ukurasa. Kwa hiyo jina la kundi si alama ya mtambo tu. Ni neno baina ya watu. Kanuni za HTML nazo zawahimiza waandishi wachague majina yanayoeleza asili ya kitu kuliko sura yake. Jina "onyo" lafaa kuliko "nyekundu", maana rangi yaweza kubadilishwa kesho, na onyo likabaki kuwa onyo.

Lakini majina hayo yote hukaa mahali pamoja bila mipaka. Watu wawili wa kazi moja wakitumia jina "kitufe" kwa vitu viwili mbalimbali, maagizo yao hugongana. Ndipo programu zinazotunga msimbo zilipokabidhiwa kazi ya kutoa majina. Google Web Toolkit, katika toleo la 2.0 la mwaka 2009, iliweza kugeuza kila jina kuwa herufi chache zisizo na maana. CSS Modules, iliyotokea mwaka 2015, nayo hulifanya kila jina kuwa la faili yake tu, mara nyingi kwa kuliongezea alama zinazotungwa na mtambo. Faida yake haikanushiki: mgongano huondoka, na majina mafupi hupunguza ukubwa wa faili.

Hasara humwangukia msomaji. Mtu mwenye macho dhaifu aliyejiandikia maagizo ya kukuza herufi za sehemu fulani huona kazi yake imebatilika, kwa sababu jina alilolitegemea laweza kubadilika kila ukurasa utengenezwapo upya. Mwanafunzi naye, afunguapo ukurasa ili ajifunze, hukuta maneno yasiyosomeka.

Tailwind CSS, iliyoanza mwaka 2017, ilishika njia nyingine. Majina yake husomeka, ingawa hueleza sura kuliko asili. Kasoro yake iko penginepo: mtambo wake huyatafuta majina kwa kuyapitia mafaili kama maandishi matupu. Mwandishi akiunganisha "bg-", jina la rangi na "-600" wakati programu inapokwenda, jina zima halionekani popote katika faili, na maagizo yake hayatungwi. Mswahili akikutana na "hawakusomeshwa" hujua kutafuta "soma" katika kamusi. Mtambo huu haujui mizizi wala viambishi. Hutaka neno zima, kama litakavyotumika.

Makosa haya mawili yana asili moja, nayo ni kusahau kwamba jina lina wasomaji wawili, mtu na mtambo. Katika njia ya kwanza mtambo humnyima mtu jina. Katika ya pili mtu humnyima mtambo jina. Dawa zimo ndani ya programu zenyewe. Google Web Toolkit ina mpango wa kuyaacha majina yasomeke, na pia agizo la kuyatenga yale yasiyopasa kuguswa. Watumiaji wa CSS Modules waweza kuamuru jina la asili litangulie alama za mtambo. Watumiaji wa Tailwind nao hushauriwa kuandika kila jina kwa ukamilifu wake.

Basi lawama haziiangukii programu peke yake, bali huwaangukia pia waichukuao kama ilivyo bila kuuliza. Akiba ya herufi chache ni ya mwenye tovuti. Gharama yake hulipwa na msomaji ambaye hakushauriwa.