Ngazi ya Operesheni: Jinsi Gitega Ilivyotwaliwa Mwaka 1916

Elimu ya vita huigawa kazi ya jeshi katika ngazi tatu. Mkakati ni uamuzi wa dola kuhusu lengo la vita. Mbinu ni namna kikosi kinavyopambana na adui aliye mbele yake. Na kati ya hizo ipo ngazi ya operesheni, yaani kupanga misafara na mapigano kadhaa kwa wakati na mahali, ili jumla yake itimize lengo la mkakati. Jina hilo lilikuzwa na wanazuoni wa jeshi la Kisovieti, hasa Aleksandr Svechin, katika miaka ya 1920, lakini kazi yenyewe ilikwishafanyika, na kutwaliwa kwa Burundi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni mfano mmojawapo.

Kimkakati, Ubelgiji, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ilitaka kushika ardhi yao ya Afrika Mashariki ili ipate cha kudai siku ya mapatano. Jenerali Charles Tombeur aliligawa jeshi la Kongo ya Kibelgiji katika brigedi mbili: ya kaskazini chini ya Molitor, iliyoingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, na ya kusini chini ya Olsen, iliyofika Usumbura mwanzoni mwa Juni na kuitwaa Gitega, makao ya utawala wa Kijerumani tangu 1912, katikati ya mwezi huo.

Vilima vya Gitega vilifaa kwa ulinzi, lakini ubora huo ulikuwa wa kimbinu tu, kwa sababu kikosi ambacho kingebaki huko kingekatiwa njia ya kurudi Tabora. Vivyo hivyo, Molitor alipofika Biharamulo kabla ya Juni kwisha, nchi ya Muyinga, iliyoko magharibi ya hapo, ilijikuta nyuma ya mstari wa mbele wa Wabelgiji: hatima yake iliamuliwa na mwendo wa jeshi mahali pengine.

Mwendo huo ulipimwa kwa mabega ya wapagazi. Kwa kuwa mpagazi naye alihitaji chakula njiani, kila siku ya safari ilipunguza shehena ambayo ingewafikia askari. Ndiyo maana Kigoma, kituo cha mwisho cha reli ya kati, iliyotwaliwa mwishoni mwa Julai, ilikuwa na thamani kubwa kuliko vilima vingi. Kutoka Biharamulo na Kigoma brigedi hizo mbili zilielekea Tabora, iliyoanguka tarehe 19 Septemba.

Hata hivyo, mtego haukufungwa upande wa kusini-mashariki, na Jenerali Wahle, kamanda wa Wajerumani, akaondoka na askari wake kuelekea Iringa. Operesheni ya Tombeur iliteka nchi bila kuliteka jeshi: Ubelgiji ilikabidhiwa Ruanda-Urundi, lakini Wajerumani waliendelea kupigana hadi Novemba 1918.