Mikono ya Helen Wagner

Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1956, saa saba na nusu mchana kwa saa za New York, Helen Wagner alimsalimu mumewe wa kwenye tamthilia: "Habari za asubuhi, mpenzi." Hapakuwa na siri wala ugomvi ndani ya maneno hayo, wala mtu aliyebamiza mlango. Ilikuwa salamu ya mke na mume wanaoamka, kama inavyotoka katika nyumba nyingi kila kunapokucha.

Salamu hiyo ndiyo iliyofungua As the World Turns ya kituo cha CBS, tamthilia iliyokaa hewani miaka 54. Wagner aliigiza Nancy Hughes, mke wa wakili Chris Hughes katika mji wa kubuni wa Oakdale, na jina hilo la Nancy alikuwa bado nalo alipofariki tarehe 1 Mei 2010 akiwa na miaka 91. Kitabu cha Guinness kilimtambua kwa kukaa katika nafasi moja kuliko mwigizaji mwingine yeyote wa kike wa televisheni. Sifa hiyo inamstahili, ila inatueleza uvumilivu wake tu. Ufundi wake hautajwi sana, na ndio ninaoutaka hapa. Naamini Wagner alikuwa bingwa wa jambo moja gumu: kusikiliza mbele ya kamera, na kuufanya usikivu huo uonekane.

Tuanze na kilichomlazimu awe hivyo. Tamthilia za mchana za Marekani zilizaliwa redioni, zikalipiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia akina mama wa nyumbani; ndiyo maana Wamarekani wanaziita michezo ya sabuni hadi leo. Zilipohamia kwenye televisheni zilibaki na kipimo cha redio, dakika 15 kwa siku. Irna Phillips, mwalimu wa zamani aliyekuwa mwandishi mkuu wa aina hii ya michezo tangu miaka ya 1930, aliwataka wadhamini wake, kampuni ya Procter & Gamble, wampe nusu saa nzima. Walisita kabla ya kukubali. Siku ile ya Aprili mchezo wake na mwingine uitwao The Edge of Night ilianza pamoja, ikiwa ya kwanza kupewa dakika 30 kila siku.

Sasa fikiri alichokifanya Phillips na dakika alizoongezewa. Mwandishi mwingine angezijaza matukio maradufu. Yeye aliacha matukio yabaki machache, akapunguza mwendo. Watu walikaa mezani wakazungumza. Kamera ilisogea usoni ikatulia hapo. Mama aliyekuwa anapiga pasi huku televisheni imewashwa aliweza kuifuata hadithi kwa masikio, akiinua macho pale sauti ya Nancy ilipobadilika.

Mwendo huo humvua nguo mwigizaji asiye na kitu. Ukiwa na mistari mingi ya kusema, maneno yanakubeba. Ukiachwa unamtazama mtu anayekusimulia shida zake kwa dakika tatu, na kamera imekukazia uso, utabebwa na nini? Wagner alitoka jukwaani, alikuwa mwimbaji, na alishapita Broadway. Huko mwigizaji hujifunza kuupeleka uso na sauti hadi kiti cha nyuma kabisa. Kwenye tamthilia ya mchana ilimbidi apunguze karibu vyote. Alichobakiza ni macho yasiyomwacha anayezungumza, na mikono yenye kazi.

Mikono yenye kazi ndiyo ninayoiita siri ya jikoni ya Nancy. Mtu anayemenya, anayekunja kitambaa au anayemimina kahawa ana pa kuficha mawazo yake. Akisikia habari mbaya hahitaji kushtuka kwa uso. Inatosha mkono usite. Mtazamaji huuona usito huo, akaujaza maana mwenyewe, na kwa sababu amejaza mwenyewe huamini zaidi kuliko angeoneshwa machozi. Mwigizaji mchanga hudhani kushika kikombe ni pambo. Kikombe ni ala, kama kinanda kwa mpigaji.

Phillips mwenyewe aliijua nguvu ya kikombe. Inasimuliwa kwamba miezi ya mwanzo alimfukuza Wagner kazini kwa sababu hakupendezwa na jinsi alivyomimina kahawa. Baadaye alirudishwa. Watu huisimulia hadithi hii kama kielelezo cha ukali wa mwandishi, na kweli Phillips alikuwa mkali. Mimi naisoma kama tathmini ya kitaalamu. Kama mchezo mzima umejengwa juu ya watu wanaokunywa kahawa na kuzungumza, basi namna ya kumimina ndiyo uigizaji wenyewe. Mama mwenye nyumba hamimini kama mtumishi, wala kama mgeni aliyeombwa asaidie. Mtazamaji ambaye amemimina kahawa asubuhi hiyohiyo anaujua uongo wa mkono kabla hajausikia ulimini.

Kisha ongeza juu ya hayo kwamba yote yalikwenda moja kwa moja hewani. Kwa karibu miaka 20 ya kwanza hapakuwa na kurudia. Muswada wa siku ulikaririwa usiku nyumbani. Asubuhi ukasomwa pamoja, zikapangwa hatua, ukafanyika mzunguko wa mwisho wa mazoezi, na saa saba na nusu taa nyekundu ikawaka. Kamera za studio za wakati ule zilikuwa nzito, na mbele zilibeba gurudumu la lenzi nne. Kutoka picha pana kwenda picha ya uso, mpiga picha alilizungusha gurudumu lile, na wakati linazunguka picha yake haifai kitu, hivyo mwongozaji alipaswa awe ameshahamia kamera nyingine. Mwigizaji aliyesimama hatua moja nje ya alama yake aliitia picha ukungu. Alipaswa kuikumbuka alama bila kuitazama, kuijua kamera ipi iko hewani bila kuitupia jicho, na juu ya hapo amwamini mwenzake kwamba ni mumewe kweli.

Saa nayo ilikuwa bwana. Kipindi kikienda mbio, msimamizi wa studio alisimama kando ya kamera akivuta viganja vyake mbalimbali kama mtu anayerefusha mpira: vuta muda. Kikichelewa, alizungusha kidole: harakisha. Hapo ndipo kikombe kilipolipa tena. Asiye na kazi mkononi, akiambiwa avute muda, hunyamaza tu, na kimya chake huonekana kuwa ni kusahau. Mwenye birika mkononi anaweza kuongeza kahawa, kuuliza sukari, kufuta meza, na sekunde 15 zikapita kama sehemu ya maisha ya nyumba ile. Kando yao Charles Paul alikuwa kwenye kinanda, akiwafuata kwa muziki wa papo hapo. Usito wa mkono ukirefuka, naye aliurefusha mlio.

Siku iliyouweka ufundi huu kwenye kumbukumbu za dunia ilikuwa Ijumaa, 22 Novemba 1963. Nancy alikuwa anamweleza Babu, aliyeigizwa na Santos Ortega, kwamba mwanawe Bob amemwalika Lisa, mke waliyeachana, kwenye chakula cha sikukuu ya Shukrani. Ni habari ndogo ya familia. Nancy hampendi Lisa, ila kuna mjukuu katikati, na ameshalifikiria sana jambo hilo. Ilikuwa kama saa saba na dakika 40 mchana. Picha ikakatika, ikaja kadi yenye maandishi, na sauti ya mtangazaji wa habari wa CBS, Walter Cronkite, ikatangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi mjini Dallas. Sauti peke yake, kwa kuwa kamera ya chumba cha habari ilihitaji karibu dakika 20 kupasha moto mirija yake kabla ya kutoa picha. Cronkite hakuonekana uso hadi karibu saa nane.

Studioni hawakuwa na habari. Wagner na Ortega waliendelea. Baada ya taarifa ya kwanza watazamaji walirudishiwa tangazo la kahawa ya Nescafé, na ndani ya dakika zile za mkanganyiko kipande kingine cha mchezo kikapita hewani, kisha habari zikachukua kila kitu.

Nimeitazama rekodi ile mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni kile kinachoitangulia kadi. Kwa muda mfupi tunamwona mwigizaji asiyejua kwamba anaingia kwenye historia, akifanya kazi ya kila siku. Sauti yake ni ya chini. Hamsukumi Babu akubaliane naye. Anaeleza kama mtu aliyekwisha amua huku moyo haujatulia. Taifa zima lilitolewa ndani ya mazungumzo yale, na mshtuko ulikuwa mkubwa kwa sababu mazungumzo yalikuwa ya kawaida kiasi kile. Kama skrini ingekuwa na mayowe na bastola za maigizo, sauti ya Cronkite ingesikika kama sehemu ya kelele.

Tarehe 1 Desemba 1975 kipindi kikawa cha saa moja, na uigizaji wa moja kwa moja ukaachwa, mchezo ukawa unarekodiwa. Faida zilikuwapo: mandhari zaidi, makosa kurekebishwa, waigizaji wengi kupokezana mzigo. Hasara yake, kwa jicho langu, ni kwamba mkono ulipewa ruhusa ya kukosea. Saa moja inahitaji hadithi nyingi, na hadithi nyingi huhitaji vijana, mapenzi ya siri, watu waliokufa wakarudi. Wazee husogezwa pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nancy na Chris walipotea kwenye hadithi kwa muda, kisha katikati ya mwongo huo Nancy akarejea.

Aliporejea ndipo ilipoonekana akiba aliyoiweka. Mwaka 1986 Don MacLaughlin, aliyekuwa Chris tangu ile asubuhi ya kwanza, alifariki, na Nancy akawa mjane kwenye skrini pia. Mwigizaji mwingine angehitaji maneno mengi. Wagner alikuwa na miaka 30 ya kumsalimu mtu yuleyule asubuhi, na watazamaji walikuwa nayo vilevile. Nyumba ya Nancy bila Chris ilijieleza. Baadaye waandishi walimwoza kwa Dan McClosky, aliyeigizwa na Dan Frazer, kisha wakamletea mume huyo ugonjwa wa Alzheimer. Hapo kusikiliza kulifika kilele chake: mke anamsikiliza mtu ambaye maneno yake yanaanza kutokuwa na mwisho, na anatafuta mahali pa kuyashikia. Sijui nafasi nyingine ya tamthilia za mchana ambapo ukimya wa mwigizaji ulibeba uzito huo.

Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Emmy ya mchana kwa mafanikio ya maisha yote. Ilikuwa imechelewa, lakini ilimkuta kazini.

Ukipata nafasi, tafuta vipande vya zamani vya nyeusi na nyeupe vilivyosalia, uvitazame mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili bila sauti. Tazama mikono peke yake. Utajua nani ndani ya chumba ana wasiwasi, nani amedanganya, na nani ameshasamehe bila kusema.

Wagner hakuuona mwisho. As the World Turns ilitoka hewani tarehe 17 Septemba 2010, miezi minne na nusu baada ya kifo chake. Don Hastings, aliyekuwa mwanawe Bob tangu mwaka 1960, ndiye aliyefunga: daktari mzee aliyestaafu akiiaga ofisi yake, na neno lake la mwisho lilikuwa "Usiku mwema."