Kuvunjika si Kubanduka

Baadhi ya tafsiri za uhandisi hutumia neno moja, mvunjiko, kwa kila namna ya kuharibika kwa vitu vilivyogandishwa pamoja. Kosa hili si dogo.

Tuchukue ukuta wa udongo uliopigwa lipu ya saruji, kama uonekanavyo vijijini Handeni. Udongo huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, saruji haiufuati. Bamba la lipu likianguka zima, halikuvunjika: limebanduka. Dawa yake ni kuimarisha mshikamano, wala si kuzidisha saruji katika lipu.

Korogwe, nchi ya mkonge, yatupa mfano wa pili. Uzi wa katani uliotiwa katika saruji ukivutwa, huweza kukatika, au kubanduka kisha ukachomoka. Unapochomoka hukwaruza kuta za tundu lake, na msuguano huo huendelea kupinga mvuto hata baada ya mshikamano kwisha. Kielelezo cha hesabu hakina budi kutenga mambo hayo mawili. Tafsiri iyaitayo yote mvunjiko humficha msomaji msuguano.

Hata kiolesura, neno lililozoeleka katika kompyuta, halifai hapa. Twapendekeza uso wa maungano kwa mahali vigusanapo vitu viwili, na mbanduko kwa kuachana kwavyo. Mvunjiko ubaki kwa kitu chenyewe. Tofauti hizi zimo tayari katika usemi wa mafundi wetu. Mfasiri na awasikilize kwanza, ndipo abuni.