Huria, Bure na Kazi

Kila nipitapo Kinondoni, mbele ya Chuo Kikuu Huria, lile neno la mwisho hunishika. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na hakuna mwanafunzi wake asiyejua kwamba huria si bure, kwani ada hulipwa. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuizoea huria nyingine, ya soko huria, iliyotuingia kufuatia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Huria ya kwanza humfungulia mlango aliyefungiwa. Ya pili humwacha mwenye nguvu afanye apendavyo. Watu wa kompyuta nao, walipotafuta jina la programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa, walilichukua neno hilohilo wakaziita programu huria. Sidhani kama walitambua kwamba walikuwa wanabeba ugomvi mzima ndani ya neno moja.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akiwa na nia ya kujenga mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta usio na kufuli. Kwake, programu iliyofungwa ni dhuluma, hata iwe nzuri namna gani. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya Stallman. Lakini aliichukua leseni, hakuichukua imani. Kwake yeye, jambo la kwanza ni kitu kifanye kazi. Mwaka 1998 wenzao wengine wakabuni jina la "chanzo wazi", kwa kuwa neno la Kiingereza lililotumika hadi hapo lina maana ya huru na maana ya bure, na wafanyabiashara walikuwa wakisikia bure tu. Sisi Waswahili hatuna shida hiyo. Uhuru ni uhuru na bure ni bure.

Mimi nilikuwa upande wa Stallman, tena kwa ukali. Mwaka 2017 mpwa wangu alifungua steshenari Mbagala: kompyuta mbili za mtumba, printa moja na mashine ya fotokopi. Windows zake alikuwa amepigiwa na fundi wa mtaani, nakala ya wizi kama zilivyo nyingi, na virusi vya flashi za wateja vilikuwa vinakula mafaili ya watu. Nikamwambia, niachie mimi. Nikaweka Debian. Kadi ya waya pasi ya moja ya kompyuta haikuonekana, maana ilihitaji kipande kidogo cha programu iliyofungwa kutoka kwa mtengenezaji wake. Nilijua pa kukipata. Nikakataa kukiweka, kwa sababu ya msimamo. Siku ya pili wakaja vijana wa maombi ya mkopo wa chuo, siku zimebaki chache, nao wakageuka wakaenda duka la jirani. Mpwa wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, huo uhuru wako hauna mtandao." Hata jua halijazama, fundi alikwisha kuja na Windows yake.

Nimeyafikiri maneno yale miaka mingi, na nimeona kwamba tulikosea wote wawili.

Kosa langu lilikuwa kudhani uhuru uko ndani ya leseni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden kwa msaada wa shirika la Sida, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Ni kazi ya kujivunia, na iliwezekana kwa sababu hakuna aliyehitaji kumpigia mtu magoti aruhusiwe kutafsiri. Hata hivyo, katika steshenari nilizokaa kusubiri zamu yangu, Mbagala, Tandika na Mwananyamala, sijapata kuikuta. Ruhusa ya kutafsiri haitafsiri. Kila toleo jipya linataka watu wa kuketi nalo upya, na mteja aliyekwisha kukariri vitufe vya Kiingereza haoni sababu ya kuanza tena. Uhuru usio na watu wa kuutumikia huwa wa bure, kwa ile maana nyingine ya neno hilo.

Lakini na wale wasemao "muhimu ifanye kazi" wana lao la kujibu. Huko Ulaya hutetea Linux kwa bei: hulipi leseni. Nenda Temeke ukaseme hivyo. Nani amelipa leseni? Windows ya fundi ni elfu chache tu, na anakufuata ulipo. Hoja ya bei, iliyo nguzo yao, kwetu haisimami hata siku moja. Inayobaki ni ile ya mkaidi Stallman: ni nani mwenye amri juu ya mashine uliyoinunua? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 kwa kanuni zake haizipokei kompyuta nyingi za zamani, ambazo ndizo tunazonunua sisi wa mtumba. Chuma bado kizima, skrini inawaka, lakini mwenye amri ameamua. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Cha kuiba nacho hakisitiri zaidi.

Mwaka 2022 watu wa Debian, waliojiwekea ahadi ya uhuru tangu mwaka 1997, walipiga kura kukubali vile vipande vilivyofungwa viingie katika diski zao rasmi, na toleo la mwaka 2023 likatoka hivyo. Wapo waliosema wamesaliti. Mimi naona walimfungulia mlango mpwa wangu. Tena hawakuvificha: viliwekwa fungu lake, lenye jina linalosema wazi kwamba hivi si huru, na asiyevitaka anaweza kuvizuia. Mapatano ya namna hiyo nayaheshimu. Kuridhia kwa lazima si aibu. Aibu ni kuridhia halafu ukakisahau ulichokiridhia, hadi kufuli ikaitwa mlango.

TANU ilipotuletea uhuru ilitupa maneno mawili pamoja, Uhuru na Kazi. Siku ile Mbagala mimi nilishika la kwanza na mpwa wangu akashika la pili, kila mmoja akidhani ameshika yote. Leo kompyuta yake moja ina Debian, na waya pasi inashika. Ya pili bado ina Windows ya fundi. Sijamwambia kitu.