Kibanda Kando ya Kasri: Ufukara, Mlinganisho na Dhiki katika Riwaya Mbili za Shafi Adam Shafi

Katika Kazi ya Ujira na Mtaji, iliyochapishwa mwaka 1849, Karl Marx alitoa mfano wa nyumba ndogo: mwenyewe huridhika nayo maadamu nyumba za majirani nazo ni ndogo, lakini kasri likijengwa kando yake, nyumba ile ile hunywea ikawa kibanda. Karne moja baadaye, Leon Festinger (1954) na W. G. Runciman (1966) waliifafanua fikra hiyo kwa upana zaidi: mtu hujipima kwa wale anaowaona wanalingana naye, na uchungu wa kukosa hutegemea kipimo hicho.

Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) yaelekea kuukanusha mfano wa Marx. Kijakazi anaishi karibu na fahari ya bwana wake na kuihudumia kila siku, lakini kibanda chake hakinywei machoni pake. Anampenda na kumtii Fuad. Ni rahisi kumhukumu kuwa mjinga, na usomaji huo umezoeleka madarasani. Makala haya yanaupinga. Anachokosa Kijakazi si akili, bali kipimo.

Ushahidi wa kwanza ni majina. Kijakazi ni mjakazi aliyepewa kiambishi cha udogo, ki-. Mwinyi ni mwenye mali, bwana. Majina hayo hayatofautishi aliyepata zaidi na aliyepata kidogo, bali yanatenga aina mbili za watu. Pasipo ngazi moja, swali la “kwa nini yeye anacho nami sina?” halipati pa kusimama. Hapa inafaa kutofautisha ufukara na dhiki. Ufukara ni hali ya mali. Dhiki, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ina maana ya ufinyu, ni namna hali hiyo inavyohisiwa. Nafasi huonekana finyu kwa anayejua kuwa ingeweza kuwa pana. Hatusemi kwamba Kijakazi hateseki. Tunasema kwamba mateso yake hayajageuka kuwa lalamiko.

Katika Kuli (1979) mambo ni tofauti. Rashidi, mtoto wa kuli, anaingia katika kazi ya bandarini kama baba yake, na riwaya inaelekea kwenye mgomo wa Zanzibar wa 1948, uliotanguliwa na migomo ya Mombasa na Dar es Salaam ya 1947. Hapa kuna ujira, na ujira huhesabika: huweza kulinganishwa na bei ya chakula, na malipo ya mwenzako, na faida ya mwajiri. Makuli si lazima wawe mafukara kuliko Kijakazi ili waione dhiki yao. Wanachomzidi ni hesabu ya pamoja na wenzao wa kuijadili nao.

Udhaifu wa Kasri ya Mwinyi Fuad, kwa maoni yetu, uko hapo. Mwamko wa Kijakazi unafuata Mapinduzi ya 1964, na mwandishi anautegemea mno msukumo huo wa nje. Msomaji anaona fahamu zikibadilika kuliko anavyoona hatua ndogo ndogo ambazo kwazo mtumishi anaanza kujihesabu kuwa sawa na bwana. Ingefaa pia tuone gharama ya hatua hizo, kwa kuwa mlinganisho ule ule unaozaa madai ya haki huondoa usingizi nyumbani.

Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Jirani akimwambia jirani, hiyo ni busara inayopunguza dhiki isiyo ya lazima. Mwenye kasri akimwambia mtumishi wake, maneno hayo hayo yanamzuia asijipime. Mhakiki wa fasihi ya ufukara hana budi kuuliza kwanza ni nani anayehimiza kuridhika, na anamhimiza nani.