Salon imepata diploma, jiko liko bado darasa la kwanza

Ba ndugu na ba dada wa chama, juzi mmoja wetu alitutumia picha ya tele mpya aliyoipachika ukutani. Inchi 55. Wote tulimpongeza, na mimi pia. Lakini picha ilipigwa mlango ukiwa wazi, na nyuma ya mlango, kwenye veranda, mbabula moja ilionekana. Imetoboka upande, mguu mmoja umekatika, wameisimamisha na kipande cha tofali. Nilicheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, sababu kwangu ni vilevile.

Tumezoea kuhakiki vitabu, filamu na nyimbo. Leo naomba nihakiki vyombo vya nyumba zetu za hapa Lubumbashi, kimoja kimoja, vile mtu anavyosahihisha kopi za wanafunzi. Sitataja alama ya kiwanda chochote. Ninachotaka kusema ni hiki: teknolojia ya nyumba zetu inafika salon, inakaa pale, haiendi mbele. Na si umaskini peke yake unaoizuia. Ni sisi wenye kuchagua.

Kila chombo nakiuliza maswali matatu. Umeme ukikatika, kinafanya nini? Kikiharibika, nani anakitengeneza, na kwa vipuri gani? Na la tatu, ambalo kwenye duka hakuna anayeliuliza: kinampunguzia kazi nani?

Tuanze na tele. Tele za siku hizi nazipa pointi nzuri kwa swali la kwanza. Zile za zamani, nzito kama sanduku la misumari, zilikula umeme mwingi. Hizi nyembamba, yenye inchi 32 inaweza kutosheka na wati 30 hadi 50, kwa hiyo hata pano ndogo ya jua na batri vinaiwasha. Kwa swali la pili zinaanguka. Kioo kikipasuka, fundi atakuambia bei yake inakaribia bei ya tele mpya, na ni kweli. Kwa swali la tatu, tele haimpunguzii mtu kazi. Inatufurahisha, inatupa habari, mpira tunautazama pamoja na majirani. Siidharau. Lakini tusiite starehe maendeleo.

Karibu na tele kuna stabilizatere. Hii ni chombo cha hapa kwetu kabisa. Umeme ukija na nguvu nyingi au kidogo, yenyewe inajaribu kusawazisha. Naipa heshima. Ila nauliza: kwa nini stabilizatere iko salon inalinda tele, na frigo imeunganishwa moja kwa moja ukutani? Moto ukirudi kwa kishindo usiku, kompresa ya frigo njo inaungua, na nyama ya wiki nzima inaharibika. Tunalinda picha, chakula tunakiachia Mungu.

Frigo yenyewe ni mwanafunzi mwenye akili anayesoma shule mbaya. Kazi yake ni nzuri, lakini inaomba umeme wa kila siku, na delestaji haimpi. Katika nyumba nyingi imegeuka kabati nyeupe ya kuwekea sahani. Nani wa kulaumiwa? Si frigo. Wenye kuwa nayo nawashauri jambo dogo: jazeni chupa za maji sehemu ya kugandisha. Zikiganda, zitatunza baridi masaa kadhaa moto ukikatika, mradi watoto wasifungue mlango kila dakika.

Sasa pano za jua. Hapa nitasema kwa nguvu kidogo, sababu wengi wetu tumedanganywa, na mara nyingi ni sisi wenyewe tuliojidanganya kwa kukataa kupiga hesabu. Pano ya wati 100, kwa siku ya jua zuri la saa 5, ukiondoa yanayopotea njiani, inakupa kama wati-saa 400. Taa nne ndogo za LED za wati 7, kwa saa 5, zinakula 140. Tele ya wati 40 kwa saa 5 inakula 200. Zinazobaki ni za telefoni. Hapo pano imefanya kazi vizuri, naipa pointi zote. Lakini kuna mtu aliniambia: "Mzee, niko na solere sasa, nitapikia resho." Resho ya wati 1500 inamaliza zile wati-saa 400 kwa dakika 16. Maji ya bukari hayajachemka vizuri, usiku mzima mko gizani. Kosa la pili ni batri. Batri ya risasi, kama ile ya gari, ukiimaliza hadi chini kila siku inakufa haraka. Inataka ubaki na kama nusu. Tunaita fundi, tunalalamika pano ni feki. Mara nyingi pano haina kosa.

Umeona? Mpaka hapa nimehakiki vitu vitano, na vinne vyote vinakaa salon au vinalisha salon. Frigo peke yake ni ya jiko, na hiyo hatuilindi.

Twende jikoni, kwa mbabula. Wengi wataniambia mbabula si teknolojia. Ni teknolojia, na katika swali la kwanza na la pili inatushinda wote. Umeme ukikatika, haina habari. Ikiharibika, fundi wa kugonga mabati anatengeneza nyingine kwa bati la pipa la zamani, saa hiyohiyo, bila kuagiza kipuri Dubai au China. Ingekuwa mtihani wa maswali mawili, mbabula ingepata distinction.

Swali la tatu njo linaiangusha. Mama anaamka alfajiri kuiwasha, anapepea, anakohoa. Sombe inataka muda mrefu, maharagi yanataka muda mrefu zaidi, na muda wote huo mtu amesimama karibu na moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu kama milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Na makala yenyewe yanatoka kwenye misitu ya miombo inayotuzunguka. Wale wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao, kila mwaka wanatoka mbali zaidi.

Na kuna jambo lingine, hili ni langu, naliandika kwa haya.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa 6, baridi ilikuwa kali. Mnaijua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa 6 na wa 7. Moto ulikuwa umekatika tangu jana yake, blanketi hazikutosha. Nilichukua mbabula yenye makala mekundu, bila moshi, nikaiingiza chumba cha watoto, nikafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Nilijiona baba mwema. Usiku mama watoto aliamka kichwa kikimuuma, akaenda kuangalia. Mdogo alikuwa anaitwa, haitiki. Tulimtoa nje, kwenye ule upepo wa baridi, tukamtikisa, akatapika, akalia. Kilio kile ndicho kizuri kuliko vyote nilivyosikia maishani.

Makala yanayoungua bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi. Mimi fomula ile niliiandika kwenye interogasio ya kimia, sekondari, na pointi nilipata. Nilikuwa nayo kwenye kopi. Nyumbani sikuwa nayo. Hapo nilielewa kwamba hata elimu yangu ilikaa salon pamoja na diploma iliyowekewa kioo ukutani. Jikoni haikuwahi kuingia.

Asubuhi yake mama watoto hakunigombeza. Aliniambia tu: "Baba, tele ikikufa, unaita fundi siku ileile. Mbabula ikitoboka, unasema tutaona." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Hapa nakumbuka laini kubwa ya umeme inayotoka Inga mpaka Kolwezi, kama kilomita 1,700. Iliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha mashimo ya shaba huku kwetu. Inapita juu ya vijiji vingi sana, na vijiji hivyo vikabaki gizani, sababu laini haikujengwa kwa ajili yao. Tumeilalamikia sana kwenye mikutano yetu, na tuna haki. Lakini angalieni nyumba zetu. Umeme kidogo tulio nao, pesa kidogo tuliyo nayo, inapita juu ya jiko, inakwenda kuwasha salon. Tumejenga Inga–Kolwezi ndogo ndani ya ua wetu wenyewe.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema: "Umeme wenyewe hauko, utapikia nini?" Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi kila mtu anunue jiko la umeme kesho. Nchini mwetu mtu kama 1 tu kati ya 5 ndiye mwenye umeme, na mwenye kuwa nao hana uhakika nao. Lakini kati ya mbabula iliyotoboka na jiko la umeme la kisasa kuna ngazi nyingi, na sisi hatujapanda hata moja.

Ngazi ya kwanza ni mbabula yenye udongo wa kuchoma ndani. Nchini Kenya (nasema nchi, si komini yetu) walianza kuzieneza miaka ya 1980. Udongo unashika joto, makala yanapungua. Ba fundi wetu wanaweza kuitengeneza, na wengine wanaitengeneza tayari. Kasoro yake: udongo unapasuka ukimwagiwa maji, na moshi haumaliziki.

Ngazi ya pili ni sufuria ya presha, ile wengine wanaita kokoti. Hii njo naipa pointi za juu katika uhakiki wangu wote. Iko inafanya kazi juu ya mbabula, iko inafanya kazi juu ya resho. Maharagi yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa muda mfupi sana kuliko kwenye sufuria ya kawaida. Kinachochakaa zaidi ni ile lastiki ya mfuniko. Nunueni mbili siku ileile. Na tundu la kutolea mvuke lisafishwe kila mara, hilo si la kuchezea.

Ngazi ya tatu ni kikapu cha joto, ambacho hakiombi umeme wala fundi. Chemsha maharagi kwa nguvu, angalau dakika 10 hadi 15, yaani yachemke kweli, kisha sufuria na mfuniko wake uifunike ndani ya kikapu chenye blanketi nzee pande zote. Joto linabaki, chakula kinaendelea kuiva peke yake. Mara ya kwanza nilifungua kila dakika 20 kuangalia, nikaharibu kila kitu. Mara ya pili niliacha saa 4, tukala.

Na kwa wenye umeme wa masaa fulani, iko sufuria ya presha ya umeme. Watu wanaiogopa sababu imeandikwa wati 1000. Lakini haiwaki muda wote. Ikishapata presha inazima na kuwaka. Sufuria ya maharagi inaweza kutumia nusu kilowati-saa au pungufu, kuliko resho inayowaka masaa. Swali la pili ndilo linaloniogopesha kwake: kadi yake ya elektroniki ikiungua, ba fundi wengi bado hawaijui. Iwekeni stabilizatere. Ndiyo, ile ya tele.

Wa pili ataniambia: "Jikoni ni mambo ya ba mama, wao wenyewe wachague." Vizuri. Basi tuwape pesa ya kuchagua. Siku ya kununua tele tulikwenda wenyewe, tukapima inchi, tukasoma maelezo yote. Siku ya mbabula tunatuma mtoto.

Sijui nyumba zenu zote, naweza kukosea, na nitafurahi mkinisahihisha. Kwangu mimi, tele haijauzwa, nisiwadanganye. Lakini stabilizatere imehamia kwenye frigo, lastiki mbili za kokoti ziko kabatini, na mbabula haiingii tena chumba cha kulala, hata baridi iwe vipi. Mwezi wa 6 unakaribia. Kama hamkubali lolote katika niliyoandika, kubalini hilo moja, na mwambieni jirani leo.

Na kwenye mkutano wetu ujao, kabla ya kuonyeshana picha za salon, kila mmoja aje na picha ya jiko lake. Bila kupanga kwanza.