Klipu Iliyokatwa Vibaya

Juzi nikiwa hapa Chechelesi, msee alinitumia klipu ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Olimpiki ya Sydney 2000, mita 100 mtindo huru. Imekatwa ikaanzia pale mikono inapoishiwa nguvu, ikawekewa sauti za katuni. Inachekesha, sikatai. Lakini ni kazi mbaya.

Kilichokatwa ndicho kinachokipa kicheko maana: wapinzani wake wawili wameondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, yeye amejifunzia kwenye kibwawa cha hoteli, na bwawa la mita 50 hajawahi kuliona kabla ya Sydney. Mwisho pia wameukata, umati ukimshangilia hadi ukutani, dakika 1:52.72.

Hicho kicheko nakijua. Kwenye gala ya klabu yetu chuoni kulikuwa na mbio za kupokezana tisheti: unaogelea ukiwa umeivaa, unaivua, mwenzako anaivaa ikiwa imelowa chapachapa. Mimi ilinikwama kichwani, tukashika mkia. Watu walicheka hadi wakatokwa na machozi, halafu walewale wakaninyoshea mikono wanitoe majini.

Chuo niliacha baadaye. Mtaani stori yangu huanzia hapo tu, kama hiyo klipu. Basi ukitaka kunicheka, manze, nicheke kuanzia nilipoingia majini.

Na Moussambani? Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa lake. Hiyo nayo haimo kwenye klipu.